UKURASA WA MWALIMU: Ziwa letu lina moto ndani. Nani atalichunga?

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya usafi wa bidoni za maji. Mwezi huu tuko na jambo gumu zaidi, na nitaanza kwa kuomba musamaha. Ndiyo, hata mwalimu anakosa.

Wale wanaokaa karibu na shule wanajua nasema nini. Ni juu ya usiku ule wa kukimbia.

Ilikuwa kama saa mbili na nusu ya usiku. Nilikuwa nasahihisha makaye ya wanafunzi, simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyotumwa katika grupu yetu. Mtu asiyesema jina lake, anaongea haraka haraka: eti gesi ya Ziwa Kivu inapanda usiku huu, eti watu wa upande fulani wamefungua mabomba kwa makusudi ili wamalize watu wa upande mwingine, eti tukimbilie mlimani mbele ya saa sita. Sitaandika hapa ni upande gani alitaja. Yaliyotokea yanatosha.

Nilisikiliza mara moja tu. Sikuuliza mtu. Nilifikiri: wazazi wananiamini, nisipowaambia halafu watu wafe, itakuwa dhambi yangu. Nikabonyeza, nikatuma kwa grupu tatu: ya walimu, ya wazazi wa P5 na ya vijana wa mpira. Nusu saa haikupita, kambi yote ilikuwa njiani. Watu walibeba watoto, magodoro, hata sufuria yenye maharagi ya moto. Kulikuwa giza na matope. Mzee mmoja mwanamke alianguka, akavunjika mkono. Watoto wawili walipotea, tukawapata asubuhi wamelala chini ya mikaratusi.

Asubuhi tuliambiwa na watu waliotoka mjini Gisenyi kwamba ziwa liko palepale, wavuvi wameingia na mitumbwi yao kama kawaida. Lakini kambi haikuwa kama kawaida. Kwenye robine, watu waliozoea kusaidiana bidoni hawakusalimiana. Kila mmoja alikumbuka ile sauti ilimtaja nani.

Nilienda kumuona yule mama mzee. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia polepole: «Mwanangu, kama ni yule mulevi wa huku nyuma angetuambia, hatungekimbia. Tulikimbia juu ni wewe. Wewe ulisoma.» Wapenzi wasomaji, maneno hayo yaliniumiza kuliko matusi.

Halafu jumatatu, katika darasa, msichana mmoja wa P5 aliinua mkono. Akauliza hivi: «Mwalimu, kama ziwa iko na gesi ya kuua watu, na watu wakubwa bado wanapigana pale pembeni yake, tutafika wapi? Wataweza kuchunga ile kitu?» Nilimwambia anipe mwezi mmoja. Nimesoma, nimeuliza, na leo najaribu kujibu.

KWANZA, TUJUE ZIWA LETU

Ni kweli, Kivu si ziwa kama mengine. Lina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 2,400, na mahali pa kina sana linafika karibu metre 485. Huko chini kumefungwa gesi za namna mbili. Moja ni gesi ya kaboni, ile inayofanya Fanta itoe povu. Nyingi inatoka chini ya ardhi, kwa sababu ya volkano. Ingine ni metani, ile inayowaka. Wataalamu wamepima: gesi ya kaboni ni kama kilometa za ujazo 300, metani ni kama 60. Na pembeni ya ziwa, upande wa Kongo na upande wa Rwanda, wanaishi watu karibu milioni mbili.

Kwa nini haitoki? Fikiri chupa ya Fanta iliyofungwa vizuri. Gesi imo lakini huioni, inakandamizwa na kifuniko. Kifuniko cha Kivu ni maji yenyewe. Maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, na yale mepesi ya juu yanayakalia. Basi yanakaa kwa matabaka, kama mafuta juu ya maji. Ili gesi yote ipande mara moja, inahitaji kitu kikubwa sana cha kuvuruga matabaka hayo, au gesi iongezeke chini mpaka ijae kupita kiasi. Mtu mmoja hawezi kufungua bomba usiku ili aue mji. Hapo ile sauti ilidanganya, na mimi nilikuwa na akili ya kutosha kuliona hilo kama ningekaa chini dakika tano.

Hatari yenyewe lakini si hadithi. Kule Kamerun kuna ziwa dogo linaitwa Nyos. Usiku wa tarehe 21 mwezi wa nane 1986, gesi ya kaboni ilitoka ndani yake kwa ghafula, ikashuka mabondeni kama ukungu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Watu karibu 1,700 walikufa, wengi wakiwa wamelala, na ng'ombe maelfu. Sisi watu wa Goma na Gisenyi tunamjua mtoto wa gesi hiyo, tunamuita mazuku. Mbuzi anaingia shimoni asubuhi, hatoki.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya habari ya Nyos, kwa sababu watu wanapenda kusimulia ile ya kwanza tu. Mwaka 2001 mainjinia waliweka bomba refu lililoshuka mpaka chini ya ziwa lile. Maji yenye gesi yakapanda yenyewe, yakaruka juu kama chemchemi, na gesi ikaanza kutoka kidogo kidogo bila kuua mtu. Mwaka 2011 wakaongeza mabomba mengine mawili. Ziwa lililoua vijiji vizima likapunguzwa sumu yake na watu wenye bomba na uvumilivu. Kwa hiyo yule anayesema mwanadamu hawezi chochote, naye anadanganya.

PILI, HATARI ILEILE INAWASHA TAA

Hapa kwetu gesi haitolewi tu, inapikishwa umeme. Hata zamani, tangu mwaka 1963, metani kidogo ilichotwa pale Rubona, karibu kabisa na Gisenyi, ikatumiwa na kiwanda cha pombe cha Bralirwa. Wazee waliokunywa Primus wakati ule walikunywa moto wa ziwa bila kujua! Baadaye kukaja mitambo mikubwa. KivuWatt, kule Karongi, ilifunguliwa rasmi mwaka 2016, inatoa megawati 26. Na hapa Rubavu kuna mtambo wa Shema Power, uliotengenezwa kwa megawati 56.

Kazi inaendeshwa hivi. Bomba linashushwa chini sana, kupita metre 300. Maji yakipanda, kifuniko kinapungua, gesi inaanza kutoka povu. Inatengwa, inasafishwa ili metani ibaki, inapelekwa pwani kuzungusha mashine. Maji yaliyobaki yanarudishwa chini. Na hapo, wapenzi, ndipo pagumu: ukiyarudisha kwenye kina kisichofaa unaweza kuharibu yale matabaka yanayotulinda. Ndiyo maana wataalamu waliandika masharti ya kuchota gesi hiyo, na Rwanda iliweka watu wa kupima ziwa mara kwa mara.

Chombo kilekile kinaweza kuponya na kinaweza kuharibu, inategemea mkono unaokishika na kama mkono huo unaangaliwa na wengine. Si gesi tu. Mnakumbuka redio? RTLM ilianza mwaka 1993 hapa Rwanda, na mwaka 1994 ilitumiwa kuita watu kuua jirani zao. Wakubwa wake walihukumiwa Arusha mwaka 2003. Lakini mwaka 2002, ng'ambo ya mpaka, ilianza Radio Okapi, na watu wangapi wa kwetu walijua njia ipi iko salama kwa sababu ya redio? Mashine ni ileile, waya ni uleule.

TATU, JE, WATU WANAOGOMBANA WANAWEZA KUCHUNGA KITU PAMOJA?

Hili ndilo swali la yule msichana, na sitaki kulizunguka. Ukurasa huu hauna siasa, na hautakuwa nayo. Lakini ziwa lina nchi mbili, na gesi haina kitambulisho. Ikipanda haitauliza nani ni wa Petite Barrière upande huu na nani ni wa upande ule.

Wazee wetu walilijua hilo. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilipatana kuchimba gesi ya Kivu kwa pamoja. Mwaka uliofuata, 1976, Burundi, Rwanda na Zaire zilianzisha jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Mnajua ilianzishwa wapi? Hapahapa Gisenyi! Na ofisi yake kuu iliwekwa hapahapa. Kutoka kwenye mapatano hayo kukatoka kampuni ya SINELAC, ya nchi zote tatu, na kituo cha umeme cha Ruzizi ya pili kilichoanza mwaka 1989 kwenye mto unaotoka katika ziwa letu. Tangu wakati ule vita ngapi zimepita juu ya mto huo! Lakini kituo kile hakikugawanywa vipande vitatu. Kimebaki cha watu watatu wanaohitajiana.

Lakini pia nisidanganye. Kupatana kwenye karatasi ni rahisi. Vita ilipokuja, CEPGL yenyewe ililala miaka mingi mpaka ikaamshwa tena mwaka 2007. Na mwezi wa kwanza 2025, vita ilipofika Goma, umeme na maji ya robine vilikatika, watu wakachota maji ziwani. Mabomu yalivuka mpaka, watu wakafa huku Rubavu pia. Basi nikimwambia mtoto «usiogope, wakubwa wako na mpango», atanicheka. Na atakuwa na haki.

NNE, CHOMBO BILA MLINZI

Nataka niwasimulie moja la kwetu, kwa sababu lilinigusa mwenyewe. Mimi nilizaliwa Goma mwaka 2001. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, mama alinibeba mgongoni akavuka mpaka kuja Gisenyi, pamoja na maelfu na maelfu ya watu. Lava ilipita katikati ya mji, ikaingia ziwani. Watu wote walisema sasa gesi italipuka. Wataalamu walikuja kupima, wakaona yale matabaka ya chini hayakuguswa.

Miaka kumi na tisa ikapita. Goma ilikuwa na kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilichoanzishwa mwaka 1986, chenye mashine za kusikiliza ardhi. Mwaka 2020 msaada wa Benki ya Dunia ukaisha. Kituo kikakosa hata pesa ya kulipa intaneti ya kuleta habari kutoka kwenye mashine zilizo mlimani. Miezi mingi mashine zilikaa kule, na huku chini hakuna aliyezisikia. Intaneti ilirudishwa mwezi wa nne 2021 tu. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jumamosi jioni, Nyiragongo ikapasuka. Watu zaidi ya thelathini wakafa. Siku tano baadaye, tarehe 27, tukaambiwa na serikali tuondoke mitaa kumi ya mji, juu ya moto ulio chini ya ardhi na chini ya ziwa. Nilikuwa na miaka ishirini. Tulitembea kwa mguu mpaka Sake, mama akiwa mbele, anasema: «Mi nilikimbia masasi, nilikimbia lava, sasa nakimbia hata maji?»

Sisemi kwamba intaneti ingezuia mlima kupasuka. Hakuna anayezuia mlima. Wala sisemi nani ana kosa. Ninachosema ni hiki: mashine zilikuwepo, wasomi walikuwepo, ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni kuendelea kulipa mlinzi wakati ambapo hakuna kitu kinachotokea. Watu wanapenda kutoa pesa baada ya moto. Kabla ya moto, wanaona ni kupoteza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi kila siku tuko kwenye kujenga kuta.

JIBU LANGU

Basi, binti yangu wa P5, swali lako nimelifikiria mwezi mzima. Wataweza? Nasema wataweza, kwa sababu nimeona mahali ambapo waliweza: Nyos, Ruzizi, na taa zinazowaka Karongi kwa gesi ileile iliyotutisha. Lakini nimeona pia kwamba hawaendelei kuweza wenyewe tu, kama jua linavyochomoza. Kila mahali walipoweza, kulikuwa na mambo matatu. Kwanza, kulikuwa na mtu aliyepima badala ya kubahatisha. Pili, wale wasiopendana walikubali kukaa meza moja juu ya kile kinachoweza kuwaua wote. Tatu, kulikuwa na mtu aliyebaki zamu, hata miaka ambayo hakuna habari. Ukitoa moja katika hayo, mengine mawili hayakusaidii.

Na usiku ule, mimi mwalimu wako, nilikosa yote matatu. Sikupima: sikumpigia hata mtu mmoja aliye Gisenyi kuuliza ziwa likoje. Nilipeleka sauti iliyogombanisha jirani na jirani. Na sikukaa zamu, nilikimbia na wengine. Nilikuwa na chombo kidogo tu, simu yenye kioo kilichopasuka, na nikaharibu kambi nzima kwa kidole kimoja. Sasa yule mwenye mtambo wa megawati, au mwenye bunduki kubwa, anahitaji moyo wa namna gani?

Nilizunguka mtaa kwa mtaa, siku tatu, nikisema: niliyotuma ni uongo, na wale aliowataja hawakufanya kitu. Wengine walinifungulia, wengine hapana. Yule mama mzee aliomba bandeji yake ifungwe upya na jirani yake, mama kutoka kwa wale «wa upande mwingine», ambaye ni mfanyakazi wa afya. Alifanya hivyo mchana, mbele ya robine, watu wakiangalia. Hakutoa hotuba. Tangu siku ile bidoni zimeanza tena kusaidiana.

YA KUFANYA NYUMBANI

1. Ukipokea sauti au picha ya kutisha, usitume. Tafuta kwanza mtu mmoja aliye mahali penyewe, halafu uliza ofisi ya kambi au kamati. Kama haijulikani ni nani anayesema, basi haijulikani.

2. Habari inayosema kabila fulani au upande fulani ndio unaotaka kutumaliza, hata kama kuna ukweli mwingine ndani yake, ifutie kwako. Isitoke kwako.

3. Familia ipange mapema: tukiondoka usiku nani anabeba nani, na tunakutana wapi. Tuliona watoto wawili chini ya mikaratusi. Ilikuwa bahati yao hakuna baridi kali.

4. Wakati mnaenda Gisenyi au mnarudi Goma, msiache watoto wacheze katika mashimo na mabonde madogo karibu na ziwa, zaidi asubuhi mapema. Mazuku haina harufu ya kukuonya. Ukiona mnyama amelala shimoni, usishuke kumchukua. Ita watu.

5. Mbabula ya makala usiiingize ndani ya hema kuwapasha watoto joto usiku. Hewa yake nayo inaua katika usingizi. Hiyo ni gesi iliyo mikononi mwako wewe, si ya serikali wala ya mainjinia.

MASWALI YA JIONI

Baada ya chakula, wazazi waulize watoto, na watoto waulize wazazi:

Kwa nini gesi ya Kivu haitoki kama ya Fanta iliyofunguliwa?

Watu wa Nyos walisaidiwa namna gani?

Ni kitu gani hapa kambini ambacho sisi na jirani zetu tunalazimika kukichunga pamoja, hata kama tumekasirikiana?

Lile la mwisho, watoto wa P5 na P6 waniletee jibu limeandikwa kwenye karatasi. Mazuri matatu tutayaweka katika gazeti la mwezi ujao. Mmoja ameshaniambia jibu lake, eti ni robine. Nimemwambia aandike kwa nini.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya mitihani ya mwisho wa muhula na namna mzazi asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mtoto wake. Mkae na amani, na mniwie radhi tena kwa usiku ule.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.